Ubeti Niliouvunja kwa Nyundo

Kabla hujasikia habari hii kwa Mama Nelima, ambaye huisimulia kwa kuongeza chumvi, wacha niiseme mwenyewe. Mimi ndiye fundi aliyemtungia kobe jike shairi la kumsifu kuwa dume, kisha nikaliandika shairi hilo kwenye saruji ili lisifutike milele.

Lilidumu wiki tano.

Kobe si wangu. Ni wa Mwalimu Kageha, mpangaji wa nyumba namba nne katika ploti yetu hapa mtaa wa West Indies, Eldoret. Ni kobe wa maji, mwenye alama nyekundu kando ya macho, na Mwalimu amemlea tangu akiwa mdogo kama kifuniko cha soda hadi akafika ukubwa wa sahani. Humwita Tamu. Makao yake yalikuwa uani: bafu kuukuu lililozikwa nusu ardhini, jiwe la kuotea jua, na kando yake kipande cha udongo uliochanganywa na mchanga, kilichozungushiwa matofali yaliyopinda vibaya. Matofali yale yalikuwa yakiniumiza roho kila nilipopita. Mimi ni fundi wa mawe.

Mama yake Mwalimu alipougua huko Mbale, ilibidi aende kumuuguza. Nilijitolea kumtunza kobe kabla hata hajamaliza kuuliza.

"Wakoli," akaniambia, begi begani, "sina mtoto, sina paka. Niko na huyu tu, miaka minane. Usinichezee."

"Mwalimu, lala usingizi. Umemwacha kwa mwanamume."

Alinitazama kama anavyotazama daftari la mwanafunzi mwenye makosa mengi, akanipa karatasi ya maagizo. Nikaisoma: chakula, mboga, omena, maji yabadilishwe mara ngapi. Chini kabisa palikuwa na nafasi tupu nzuri, na pembeni neno moja: Geuza.

Sikugeuza. Mtu aliyejifunza mizani na vina peke yake, kwa kitabu kisicho na jalada wala kurasa arobaini za mwanzo, hawezi kufundishwa kulisha kobe. Na ile nafasi tupu ilinivutia. Nilikuwa nimemtazama yule mnyama akigombana na jiwe lake, mkubwa, mkaidi, gamba kama ngao ya vita, na jina la Tamu likaniaibisha kwa niaba yake. Nikambatiza Jemedari. Juu ya lile neno Geuza nikaandika:

Jemedari wa majini, dume lisilotishika,
Gamba lake mgongoni, ni ngao isovunjika,
Hana mwenzi duniani, peke yake asifika,
Mimi Wakoli yakini, sarujini naandika.

Hesabu mwenyewe. Mizani kumi na sita kila mstari, hakuna hata mmoja uliochechemea. Niliibandika karatasi ukutani kwangu kwa gundi, ubeti ukitazama watu.

Mstari wa mwisho ulikuwa ahadi, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Nilimhamishia kobe kwenye karai, nikang'oa yale matofali yaliyopinda, nikazoa udongo wote na kuutupa. Nikamwaga zege, kokoto na mchanga kwa vipimo vya kweli, na waya ndani yake. Nikalainisha kwa mwiko mpaka pakang'aa, na kabla hapajakauka nikachora ubeti wangu kwa msumari wa inchi nne. Nikapamwagilia siku kumi, nikapasugua, halafu nikamrudisha Jemedari kwenye ikulu yake.

Mama Nelima, anayefuga kuku hamsini wa mayai nyuma ya ploti, alikuja kutazama.

"Ni pazuri," akasema. "Pazuri kama kaburi la tajiri."

Nikajua ni wivu.

Kila Jumapili Mwalimu alipiga simu. "Tamu anaendeleaje?"

"Imara kama simiti, Mwalimu."

Sikumwambia kuhusu zege. Nilitaka alione mwenyewe, ashike mdomo.

Wiki ya tano baada ya kumwaga, Jemedari aliacha kula. Nikampa omena, akageuza uso. Nikampa sukuma wiki, ikaelea mpaka ikageuka manjano. Badala yake alitoka majini mara kwa mara, akazunguka ukingo wa zege, akasimama na kukwaruza kwa miguu ya nyuma. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kisha akasogea hatua mbili, akakwaruza tena. Mara nyingine alijaribu kupanda ukuta akaanguka chali.

Unajua nilidhani nini? Nilidhani anafanya mazoezi. Askari hufanya gwaride. Hata nilianza ubeti wa pili. Jioni nikitoka kazi ya mjengo nilisimama mbele yake, mkono mmoja kifuani, nikamghania ule wa kwanza kwa sauti ya kumpa moyo, naye akakwaruza palepale palipoandikwa "dume". Nikaona amenielewa.

Jumapili ile Mwalimu alipouliza, nilisema, "Imara." Siku hiyo kobe alikuwa hajala kwa siku sita. Ningeweza kusema. Simu ilikuwa mkononi, na mtu anayejua alikuwa upande wa pili. Lakini ningeanzaje kumwambia mwalimu kwamba kuna jambo silijui?

"Nafika Jumamosi," akasema. "Mama amepata nafuu."

Jumanne nilikuta alama nyekundu kwenye zege. Nilidhani ni kutu ya waya. Nikamwinua Jemedari na kuona kucha zake za nyuma zimelika mpaka kwenye nyama. Alikuwa mzito na mlegevu, akafumbua jicho moja akalifumba. Hapo kiburi kikaniisha. Atakufa, nikasema. Atakufa mikononi mwangu, siku nne kabla mwenyewe hajafika.

Nilimwita Mama Nelima. Alimtazama kobe, akatazama zege lililokwaruzwa, akanitazama mimi.

"Huyu anatafuta pa kutagia."

"Mama, huyu ni dume."

"Nani alikuambia?"

Nikampeleka ndani nikamwonyesha shairi. Naapa. Nilimwonyesha shairi kama ushahidi.

Alilisoma lote, midomo ikitembea. "Na hapa chini ya maneno yako, hii ni nini? Ge-u-za. Uligeuza?"

"Niligeuza nini?"

"Wee Wakoli!"

Alibandua karatasi kwa kucha, pole pole kama mtu anayemenya yai la moto. Nusu ya ubeti ilibaki ukutani. Upande wa pili ulijaa mwandiko wa Mwalimu, na Mama Nelima akausoma kwa sauti ambayo wapangaji wote waliisikia:

"'Tamu ni jike aliyekomaa. Akikataa chakula, akitembea ovyo na kukwaruza kwa miguu ya nyuma, anataka kutaga. Mwache kwenye udongo wake, umwagilie maji kidogo, na asisumbuliwe. Usiuondoe ule udongo hata ukiuona mchafu. Akikwama nipigie simu saa yoyote.'"

"Lakini hana mume!" nikalia.

"Na kuku wangu hamsini wana mume gani? Wamewahi kuona jogoo wapi? Yai huja tu, mwanangu. Kifaranga ndicho kinataka baba." Akanisukumia simu yangu. "Piga."

Nimebeba mawe mpaka ghorofa ya tano. Hakuna lililokuwa zito kama ile simu. Nilimwambia Mwalimu yote, kuanzia zege hadi damu.

"Uliutupa udongo," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jumapili ulisema imara."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nitafutie Daktari Mungai sasa hivi. Na Wakoli, huyo akifa, usinisubiri hapo Jumamosi."

Daktari Mungai, daktari wa mifugo, alikuja na buti zilizokaukiwa na samadi. Asubuhi hiyo alikuwa Ainabkoi akimzalisha ng'ombe. Alimshika kobe kwa upole ambao sikuutarajia kwa mikono mikubwa vile, akaingiza vidole mbele ya miguu ya nyuma, akafumba macho.

"Yapo," akasema. "Kama kokoto ndani ya mfuko."

"Nilidhani ni dume kwa ukubwa wake," nikajitetea.

"Kwa aina hii jike ndiye mkubwa, kijana. Dume ni dogo, lenye kucha ndefu za mbele." Akatazama zege. "Nani alimwaga hii? Kazi safi sana."

Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka sifa.

Alieleza polepole ili hata mimi nielewe. Jike asiyepata udongo anaoupenda huyazuia mayai. Yakikaa sana humdhuru, na humwua. Alitaka udongo na mchanga uliochanganywa, kina kupita shibiri, wenye unyevu wa kushikana ukifinywa bila kuwa tope. Alitaka pawe na jua, maana baridi ya Eldoret humlegeza, na pawe na faragha. "Asipotaga kufikia Alhamisi jioni, mlete. Nitampigia mwenzangu anayewajua hawa zaidi, tuone sindano. Na akipona, mpe vitu vya kuimarisha maganda. Hata maganda ya mayai ya kuku, yachemshwe, yakaushwe, yasagwe."

"Hayo niko nayo gunia zima," akasema Mama Nelima, kama aliyekuwa akiingoja siku hiyo.

Nikaleta nyundo kubwa.

Fundi mbaya angemaliza kwa dakika kumi. Bahati mbaya mimi ni fundi mzuri. Nyundo ilidunda ikarudi, mikono ikafa ganzi, na ule waya niliouweka kwa majivuno ukashikilia kila kipande kama deni la ukoo. Wapangaji walitoka na viti.

"Ngao isovunjika!" Mama Nelima akanishangilia. "Piga hapo kwenye dume, hapo pamelegea!"

Nikapiga. Mstari wa kwanza ukaenda, kisha wa pili. Jua lilipoinama nilikuwa nimefungua shimo la hatua mbili kwa mbili, nimelijaza udongo mweusi na mchanga wa mto, nikalizungushia magunia yasiyoruhusu hata jicho la paka. Matofali sikuyapanga. Niliogopa kunyoosha kitu chochote.

Jumatano alizunguka akanusa udongo, akarudi majini. Sikulala vizuri. Alhamisi, saa nane hivi mchana, mvua fupi ilipita, jua likatoka, udongo ukatoa mvuke. Jemedari, yaani Tamu, akapanda. Akatafuta kona, akageuza mgongo, akaanza kuchimba kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

Mimi nilikuwa nyuma ya gunia, nimekalia mtungi wa maji, nikichungulia tundu dogo. Furaha ikanipanda kooni. Na furaha ikinipanda kooni hutoka kwa vina. "Ewe mama wa thamani..." nikaanza, kwa sauti ndogo kabisa.

Tamu akasimamisha mguu hewani. Akaliacha shimo akarudi majini, pwaa.

Gunzi la mahindi likanipiga kisogoni.

"Wewe!" Mama Nelima akanong'ona kwa hasira. "Ukiwa chooni, mtu aje akusomee shairi, utaweza?"

Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Nilikuwa nikihesabu saa zilizobaki kabla ya kumpeleka kwa daktari, na nilijua ni mdomo wangu uliozipunguza. Nikauziba kwa viganja vyote viwili.

Karibu saa kumi alitoka tena. Safari hii sikuthubutu hata kukohoa. Alichimba kwa miguu asiyoweza kuiona, na ile miguu yenye kucha zilizolika ilikuwa ikitoa udongo kidogo kidogo, kama mkono wa mwanamke anayekagua mchele. Alilowesha shimo kwa maji yake mwenyewe ili kuta zisibomoke. Lilikuwa jembamba mdomoni, pana chini, mfano wa nyungu. Hakuwa na timazi wala futi. Nimejenga matangi ya maji yaliyopinda kuliko lile shimo.

Kisha likashuka yai moja, jeupe, refu kama kidole gumba. Mguu ukalipokea, ukalisogeza pembeni. Likaja la pili. Nilihesabu tisa, viganja vikiwa bado mdomoni, na machozi yakivilowesha, jambo ambalo Mama Nelima haliachi kamwe anaposimulia.

Alipomaliza alirudisha udongo, akaushindilia kwa tumbo, akapasawazisha hata usingejua pamechimbwa. Akaingia majini. Hakuandika jina lake popote.

Ijumaa alikula omena kumi na moja.

Jumamosi Mwalimu Kageha alifika na begi, hakunisalimu, akapiga magoti kando ya bafu. Tamu alikuja mpaka kwenye kidole chake. Mwalimu alimwinua, akazitazama kucha moja moja, na kwa kila kucha nilihisi mimi ndiye ninayepunguzwa maksi. Kisha akalitazama zege lililobaki, lenye mistari miwili ya mwisho.

"Na hii?"

"Nilifikiri tuiache, Mwalimu. Kama ukumbusho."

"Anaweza kutaga tena baada ya wiki chache."

Sikungoja aseme zaidi. Nikaenda kuchukua nyundo. Aliniita, akatoa mfukoni ile karatasi yenye madoa ya gundi, ambayo Mama Nelima alikuwa amemkabidhi langoni.

"Kwanza soma. Upande wa pili. Kwa sauti."

Nikasimama wima katikati ya ua, mikono kando kama mtoto wa darasa la kwanza, nikasoma kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hapakuwa na kina hata kimoja, na sijawahi kusoma kitu kwa uangalifu vile.

Vipande vya zege nilivitoa kwa toroli. Kile chenye jina langu Mama Nelima alikiomba. Amekilaza mlangoni pa banda la kuku, penye tope, na kila asubuhi hukikanyaga akienda kuokota mayai.