Sizoni ya Nne, Sehemu ya Kumi na Moja

Marko alikuwa ameifuta deki ya CD mara tatu tangu alfajiri na bado hakuiamini. Deki ile ilimzidi umri Gladness, binti yake mkubwa, na Gladness alikuwa darasa la sita. Ilikuwa na tabia za mzee: ukiiharakisha inagoma, ukiibembeleza inakohoa kwanza ndipo ifungue mdomo. Aliifuta kwa shati la kanisani, ambalo tangu mkewe azikwe halijaona kanisa, akaiweka kwenye stuli chini ya televisheni, kisha akaenda kusimama mlangoni kutazama njia ya vumbi inayoingia Ihumwa kutoka barabara kuu.

Watoto walikuwa wakija kila Jumapili saa nne. Leo saa tano ilikwisha kupita.

"Wenye magari hawana haja ya saa," aliwaambia kuku. "Saa tumepewa sisi tunaongoja."

Marko hakuwa mtu wa maneno laini. Alifyatua matofali ya saruji kwa ajili ya nyumba za wakubwa waliohamia Dodoma, na kila tofali alilolianika alilitukana kidogo, kwa niaba ya atakayelala nyuma yake. Shule aliishia darasa la tatu. Mwalimu alihamishwa asiletwe mwingine, na hilo nalo aliwabebesha wakubwa. Lakini lililomkaa kooni lilikuwa moja. Siku Debora alipoanguka bombani na ndoo yake, miaka miwili na nusu iliyopita, gari la wagonjwa halikuwepo kituoni. Lilikuwa limetumwa kubeba viti vya sherehe. Kuna mheshimiwa alikuja kukata utepe. Debora alipelekwa hospitali kwa guta la kubebea maji, na alipofika hakukuwa tena na mgonjwa wa kutibu. Tangu siku hiyo Marko hajakalia kiti cheupe cha plastiki. Hata msibani husimama.

Januari, Dorothea, dada mkubwa wa Debora, aliwachukua watoto wakakae kwake Miyuji. Alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mwanamke wa kujitegemea, mwenye sauti ya kumaliza kikao. "Shemeji, sikunyang'anyi," alisema. "Shule ni jirani, chakula kipo. Jumapili watakuja." Yote aliyosema yalikuwa kweli. Ndiyo maana yaliuma.

Basi Jumapili zikaanza kuwa fupi. Watoto walifika, wakasalimia, wakala ugali wa uwele kwa mlenda huku Ernest, mdogo wa miaka minane, akiuliza kama hakuna chipsi, halafu wakakaa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa jina. Marko akaona wazi: wanakuja kwa adabu, na adabu ina mwisho. Hapo ndipo alipolikumbuka sanduku la CD chini ya kitanda.

Ndani yake mlikuwa na *Wasafiri wa Sayari Kavu*. Sizoni tisa, kila sizoni sehemu ishirini na mbili. Ilikuwa habari ya watu waliokimbia sayari iliyokauka, wamepanda chombo kikubwa kama mji, wanatafuta maji nyota kwa nyota. Marko na Debora waliiangalia yote wakiwa vijana, Bahi, kwenye kibanda umiza, banda la mabati la kuonyeshea filamu, mwaka ule mvua ilipozidi hata kambale wakavuliwa mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini nani alihitaji Kiingereza? Alikuwepo Sila. Sila alikaa mbele na kipaza sauti mkono mmoja na kipande cha muwa mkono wa pili, akatafsiri kila neno, akiwa kapteni kwa sauti nzito, mama kwa sauti nyembamba, na hata lile roboti, alilolipa jina la Kefa, akilifanya lizungumze kama mzee wa baraza. Alijirekodi humo humo kibandani, watu wakikohoa, vitoto vikilia, ndipo akatengeneza CD za kupeleka minadani.

Hesabu ya Marko ilikuwa rahisi. Sehemu mbili kila Jumapili. Kwa mwendo huo Ernest angeimaliza akiwa ameng'oa meno yote ya utoto. Mtu hawezi kuacha njiani habari ya chombo kilichoishiwa maji, atarudi tu. Na kweli, Jumapili ya tatu Ernest aliingia akikimbia, akiuliza, "Baba, Kefa alipona?" bila hata shikamoo, na Marko hakumkemea.

Lakini Alhamisi hii Dorothea alipiga simu. Tuisheni imewekwa Jumapili. Baada ya wiki hii watoto watakuja mwisho wa mwezi. Marko aliujua mwisho wa mwezi wa watu wa mjini. Ni kama mvua ya Dodoma, husemwa zaidi kuliko inavyonyesha.

Gari lilifika saa tano na nusu. Dorothea hakuzima hata injini. "Nitawapitia saa nane, shemeji, tuna wageni," alisema, akageuza gari.

"Shikamoo baba," walisema pamoja.

"Marahaba. Mmechelewa. Kefa amewangoja mpaka ameshika kutu."

Ernest alicheka. Gladness hakucheka. Alikuwa amerefuka tangu wiki iliyopita, au ni nywele zilizosukwa. Alikaa ukingoni mwa kochi na mkoba mapajani, kama mtu asiyetaka kuzoea mahali.

Marko alitia CD ya sizoni ya kwanza, sehemu ya kumi na tano. Deki ikakohoa, ikafunguka. Sauti ya Sila ikajaa chumba: "Mheshimiwa kapteni anasema, ndugu wananchi, maji yapo, tatizo ni mabomba!" Kibanda kizima ndani ya televisheni kikaangua kicheko, na Marko akacheka nacho, kama alivyocheka miaka yote.

"Hakusema hivyo," alisema Gladness.

"Nani?"

"Kapteni. Hakusema habari ya mabomba. Anawaambia wajifiche, adui anakuja." Akamwangalia mdogo wake, kisha baba yake. "Tumeiangalia kwa mama mkubwa, baba. Ipo kwenye intaneti yote, ina picha safi. Tupo sizoni ya tano."

Marko alirudia kama anayehesabu: "Ya tano."

"Mimi nilimwambia tusikwambie," alisema Ernest.

"Na sayari haikukauka," Gladness aliendelea, na sasa alikuwa hawezi kujizuia, kama mtoto aliyejua jibu darasani. "Walikimbia vita. Hakuna aliyetafuta maji. Huyo Sila anadanganya mwanzo mwisho. Hajui Kiingereza!"

"Sila alikuwa mpishi wa wamisionari miaka sita!"

"Basi alijua Kiingereza cha sufuria."

Ernest aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini kicheko kilimtoka puani. Marko alisimama. Alitaka kusema jambo kubwa, likamjia lile alilolizoea.

"Na nesi Paulina je? Kapteni alipomnyima chombo kidogo akawafuate watoto waliokwama, akamwambia kina kazi ya mheshimiwa? Hilo nalo uongo? Hilo nimeliona kwa macho yangu, hapa hapa duniani!"

"Hakumnyima, baba." Sauti ya Gladness ilishuka. "Kapteni mwenyewe ndiye anakiendesha. Anakwenda naye. Wanakufa wote wawili."

"Haya!" Marko alipiga kiganja. "Hata huko angani mmeshaanza kuwatetea wakubwa. Hicho ndicho mnachofundishwa Miyuji? Kiongozi aendeshe mwenyewe! Uliona wapi? Mama yako alipokuwa chini pale bombani, nani aliendesha?"

Ndani ya televisheni watu wa Bahi waliendelea kucheka. Gladness aliinamisha kichwa akaanza kufunga na kufungua zipu ya mkoba wake, na Marko aliona vidole vyake, virefu, vyenye kucha bapa, vidole vya Debora kabisa. Akajua amewapoteza. Hakuwapoteza kwa Dorothea, wala kwa tuisheni; ni kwa mdomo wake mwenyewe. Wangerudi mwisho wa mwezi mara moja, mara mbili, kisha simu za sikukuu.

"Naomba nimpigie mama mkubwa aje sasa," alisema Gladness.

"Ngoja."

Alipiga magoti mbele ya kochi, akavuta lile sanduku, ambalo siku hizi lilikaa chini yake. CD aliyoitafuta ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye kipande cha kitenge cha njano. Alikuwa ameipanga kwa mwakani, wakifika sizoni ya nne, sehemu ya kumi na moja, kwa miguu yao. Yeye mwenyewe aliisikiliza mara moja tu, wiki ile ya mazishi, akaona imeanza kuchunika, akaogopa. CD iliyochunika ni kama gari bovu. Safari ya mwisho haijitangazi.

"Kwa mama yenu mkubwa kuna picha safi," alisema bila kuwatazama. "Vita ipo, kapteni mwema yupo. Sawa. Sila alidanganya. Lakini kuna kitu humu ambacho huko hakipo hata mkifika sizoni ya tisa."

"Kitu gani?" aliuliza Ernest.

"Mama yenu yumo humu."

Zipu ilinyamaza.

Deki iliimeza ile CD, ikakohoa, ikakohoa tena. Picha ilikuja imekatikakatika kama karatasi iliyoliwa na panya. Gladness alishuka kwenye kochi akakaa sakafuni karibu na stuli, Ernest akamwegemea. Nesi Paulina alisimama mbele ya kapteni, analia. Sila alimlilia kwa sauti nyembamba: "Mheshimiwa, nipe usafiri, watoto wanakufa!" Na kwa sauti nzito: "Usafiri una kazi ya wakubwa!" Kibanda kikaguna. CD ikakwama hapo, "ya wakubwa, ya wakubwa, ya wakubwa", mpaka Marko akaigonga deki ubavuni kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

Ikaendelea. Nyuma ya sauti ya Sila mtu alikuwa analia. Hakuwa nesi. Ni mwanamke wa kibandani, kwikwi za kweli, karibu na kipaza sauti.

"Jamani, sisi tunatafsiri huku kuna mtu anazika!" Sila aliacha filamu. "Wewe dada wa kitenge cha njano! Si wewe Debora wa kwa mzee Yona? Futa machozi, mama, utatulowanishia jenereta!"

Watu wakacheka. Kwikwi zikakatika. Mwanamke akavuta pumzi, pumzi ya mtu anayetaka kujibu, na Gladness akaweka kiganja juu ya kioo cha televisheni.

Umeme ukakatika.

Feni ya jirani ilizunguka ikafa. Nje jogoo aliwika bila sababu. Marko alifungua mdomo, na matusi yote yalikuwa pale, yamejipanga tayari kama matofali: wanaokata umeme, wanaowateua wanaokata, magari yao, viti vyao. Hakuna lililotoka.

"Alijibu nini?" alinong'ona Ernest.

"Baba, alijibu nini?" Gladness alikuwa amegeuka, na uso wake wote wa utu uzima ulikuwa umeanguka. "Tuambie."

Marko alijua neno kwa neno. Angeweza kulisema, nao wangelibeba mpaka Miyuji, na lingekuwa lao. Na wasingekuwa na sababu ya kurudi.

"Mtamsikia mwenyewe," alisema. "Jumapili."

"Jumapili kuna tuisheni! Baba! Mimi sauti yake naisahau, unajua? Naisahau! Tuambie tu!"

"Jumapili."

Gladness alimwangalia kama alivyostahili kuangaliwa. Marko alistahimili. Alijua anafanya jambo baya, na alijua kuwa hana jingine la kufanya. Na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili na nusu, hakuona mkubwa wa kumsukumia lawama.

Honi ililia saa nane kasoro. Dorothea alishusha kioo. "Vipi, mbona mtoto analia? Shemeji, umewaambia nini tena?"

"Muulize mwenyewe."

"Tuje Jumapili," alisema Gladness.

"Mwisho wa mwezi, mama, tulishasema. Kuna tuisheni."

"Jumapili," alirudia Gladness. Hakupandisha sauti. Aliingia kiti cha mbele, akafunga mkanda, akatazama mbele, wala hakumpungia baba yake mkono. Dorothea alimtazama binti, akamtazama Marko, akawasha gari. Haikujulikana amekubali au amekataa. Ernest ndiye aliyetoa kichwa dirishani: "Baba! Usiwashe bila sisi!"

Vumbi lilikuwa bado halijatulia njiani umeme uliporudi. Marko alisikia deki ikikohoa ndani peke yake, ikianza upya. Aliingia mbio. Tayari herufi za mwanzo zilikuwa zinapita, na Sila alikuwa anawakaribisha wana Bahi. Dakika kumi tu, na angemsikia Debora akijibu vile alivyojibu mchana ule: "Simlilii nesi! Namlilia huyu kaka hapa pembeni, kanikalia kitenge changu tangu filamu ianze na wala hajui!" Kisha kile kicheko. Ndivyo Marko alivyojulikana kwa mkewe, kwa makalio, mbele ya Bahi nzima.

Alisimama na mkono ukutani. CD ilikwaruza, ikaruka, ikashika tena. Akachomoa waya.