Duara la Ijumaa

Wifi yake Mama Pacha alisimama katikati ya duara, mikono nyuma, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye sketi. Wiki nzima alikuwa ameshona kola za sare za shule bila malipo, maana ndivyo kiwanda kile kilivyoajiri: unajaribiwa siku tano, kisha Ijumaa wafanyakazi wenyewe wanakaa duara na kusema mbele yako kama utabaki au utaondoka. Mambo ya kisasa hayo! Mwenye kiwanda hakutaka kuitwa bosi. "Niiteni Kaka," alisema. "Hapa sisi ni familia." Familia ikamwita Kaka, na kila alipoingia ikasimama wima.

Sharti lilikuwa moja. Ukisema abaki, umemdhamini. Akishindwa kufikisha idadi ya kola inayotakiwa, mnatoka wote wawili.

"Mimi sina neno," alisema mpiga pasi. "Ndugu yake yupo, aseme yeye."

"Kweli, aseme Mama Pacha," wakaitikia wengine, kila mtu akitua mzigo wake kichwani kwa mwenzake.

Mama Pacha alimtazama wifi yake. Hao pacha wake nani aliwalea tangu wachanga, yeye akija kazini? Si wifi huyu huyu! Sasa wameanza shule, wifi naye akatamani kibarua. Lakini macho ya wifi hayakuwa yale ya zamani, na kola zilipinda. Siku zote tano Mama Pacha alizifumua kwa siri wakati wa chakula, akazishona upya, akamwambia, "Unaweza, wifi." Angeendelea hivyo mpaka lini? Na wakifukuzwa wote, nyumba ile ingekula nini?

"Tunakusikiliza, dada," Kaka alisema kwa upole.

"Aende."

"Na sababu? Familia haifichani."

Alitazama sakafu. "Kola zile nilizirudia mimi."

Wifi aligeuka. Uso wake ulikuwa bado na tabasamu la kungoja habari njema. "Zote?"

"Zote, wifi."

Kaka alianza kupiga makofi, duara likafuata. "Huu ndio ujasiri! Mnaona? Hakupendelea ndugu." Kisha, kama ilivyokuwa desturi, akamwagiza anayeondoka amkumbatie aliyesema ukweli. Wifi akamkumbatia. Mama Pacha alitamani asukumwe, atukanwe, apigwe hata kofi.

"Kuanzia Jumatatu," Kaka alisema, "wageni wote watakaa kwenye meza yako. Utuambie wewe nani anafaa."

"Ahsante, Kaka."

Wifi alikuwa amekwishachukua mkoba wake. Mlangoni akasimama. "Pacha nitawapitia mimi shuleni," alisema. "Wewe maliza kazi, usiwe na haraka."

"Familia hiyo!" Kaka akapaza sauti, na makofi yakapigwa tena.

Mama Pacha naye akapiga.