Tope la Bahari Sokoni Singida

Mtu asinitanie na habari za tope. Mimi Ziada nauza udongo wa wajawazito sokoni Singida, na tope lile nililiuza kihalali, mchana kweupe. Aliyeleta bahari huku bara ndiye aulizwe.

Aliyeileta ni Dakta Sostenes, mtoto wa kwetu Mungaa. Wenzake wakisoma wanarudi na mabati, yeye alirudi na tope. Ujana wake wote uliishia pwani, akizamisha mabomba ya plastiki kwenye mikoko na kuyachomoa yamejaa, apate kujua bahari imemeza nini tangu enzi za mababu. Tope la juu ni la juzi, la chini ni la kale, ndivyo alivyotueleza. Lakini lilitaka baridi, na chuoni kwake friza zote zilikuwa mbovu. Serikali ikatafuta nchi nzima, ikapata chumba cha baridi kilicho kitupu: kwenye shirika la nyama, Singida. Basi bahari ikapakiwa kwenye lori ikaletwa kwetu.

Ikaja enzi ya ruksa. Mashirika ya umma yakauzwa, na lile la nyama akalinunua kaka yangu Abdulhamidi pamoja na vyote vilivyomo. Alitaka mahali pa kuweka alizeti, akazima umeme. Tope likakauka likawa gumu kama sabuni ya mche. Akaniita, "Dada, huu si udongo wako huu?" Nikaonja. Una chumvi kwa mbali, unayeyuka ulimini. Nikaleta msumeno.

Uliuzika jamani. Wajawazito walitoka mpaka Iguguno, na waliokuwa wakitapika hata maji wakatulia.

Siku Sostenes alipokuja kuandaa tope lake, wazungu wanaogharamia utafiti walikuwa njiani kuja kuliona. Wasipoliona, kazi yake ya miaka yote imekwisha. Alikuta mabomba matupu, akafuata vumbi la msumeno mpaka kwenye meza yangu. Hakunifokea. Aliketi kwenye kigoda changu.

"Bi Ziada, nipatie kipande kimoja tu. Kile cha chini kabisa, chenye kifuniko chekundu cha bomba. Nikikipata hicho, nitaanzia hapo."

Nikamwambia kimeshanunuliwa. Akauliza na nani. Sikumtaja, maana aliyekinunua ni Kristina, mkewe mwenyewe, aliyetoka mtaa wa Mandewa na khanga usoni. Mimba zake mbili zilitoka baada ya watu kujua, na hii alikuwa ameapa hata mumewe asiambiwe mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Kwetu muuza udongo anajua mimba kabla ya mama mkwe, na hasemi. Nikisema leo, kesho nani atanunua kwangu?

Basi msomi wa watu akaanza kuzunguka mji, akisimamisha kila mwenye tumbo. "Samahani mama, umekula bahari?" Mume mmoja wa stendi nusura amtie makofi. Nilicheka mwanzoni. Baadaye nilimwonea huruma mpaka chakula kikanishinda, nikaenda kwa Kristina.

"Mumeo anaisha," nikamwambia. "Shauri yako."

Jioni ile, mbele yangu, alitoa kifuniko chekundu chini ya godoro akamwekea mumewe mezani. Kilichobaki ndani kilikuwa sawa na kidole gumba. Sostenes alikikumbatia kifuani kwa furaha. Kisha akaona alama za meno. Akatazama kifuniko, akamtazama mkewe, macho yakashuka mpaka tumboni.

"Kristina."

"Ndiyo."

Halafu akakisukuma kile kipande kikarudi upande wa mkewe.

"Kula," akasema. "Bado unatapika?"

Wageni walipofika na kuuliza tope liko wapi, alimshika mkewe mkono akamleta mbele yao. Kristina aliogopa, lakini alikuja.

"Limo humu," Sostenes akawaambia. "Naomba mnisubiri."

Hawakumsubiri. Walifunga utafiti wakaondoka na gari lao, na yeye hakurudi pwani tena.

Mtoto alizaliwa alizeti zikivunwa, wa kike, mzima. Akilia, baba yake hugusa chozi kwa ncha ya kidole, akaonja, akamgeukia mkewe.

"Chumvi ipo," humwambia.