Mfalme Hulia Amesimama

"Hiyo ni malkia," Ephantus akasema kabla sijamaliza hata mstari. "Nerima, unalia na mabega, kama mtu amekata vitunguu. King analia akiwa amesimama, sawa? Rudia."

Nikarudia. Wenzangu, wote wanawake, waliojifunga mashuka ya kijeshi na kushika mikuki ya mbao, waliinamisha macho kwa huruma, na hakuna kitu kinachoniudhi kama kuhurumiwa na watu wenye mikuki. Wazo lilikuwa la Ephantus, mwelekezi wetu: mchezo wa kale wa mfalme anayeletewa maiti ya mwanawe kutoka vitani, na nafasi zote za wanaume zichezwe na wanawake, kwenye ukumbi wa Milimani wenye viti laini. Mfalme ni mimi. Maisha yangu yote ya jukwaani nimekuwa yaya, mjane, mama wa bwana harusi. Nimelia Nakuru hii mpaka machozi yangu yakajulikana. Sasa nimepewa taji, mara moja tu, na kilio cha mwisho kinanishinda.

Mazoezi yalipoisha Ephantus alinivuta kando. "Kama haijakuja kufikia kesho, Maxwel anajua lines zote, hata kama ni mwanaume. Sitaki kufanya hivyo, Nerima, haki. Lakini wewe unalilia maiti ya script. Weka mtu wako pale. Mtu wako mwenyewe."

Maxwel alikuwa mlangoni akinywa soda, ndevu zake tayari. Nilitamani kumrushia taji usoni.

Nyumbani Kaptembwo tulikuwa wawili tu, baba na mimi. Mzee Makhanu alikuwa fundi wa reli, lakini Wabukusu wenzetu walimjua kwa kazi nyingine. Mzee wa heshima akifa, baada ya mazishi husimama mwanamume mmoja wa ukoo unaojulikana kwa kazi hiyo. Hutembea mbele ya watu na fimbo yake akisema: anataja ukoo wa marehemu, anaonya, anafariji waliobaki. Akisema, hakuna anayethubutu kukatiza mbele yake. Baba ndiye aliyekuwa mtu huyo. Walimfuata kwa magari kutoka mbali, wakamrudisha sauti imekauka na uso umetulia. Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Alimpa mimi, nikaitwa jina la mama yake, na ndiyo maana tangu utotoni ananiita mama.

Siku hizo kifua kilikuwa kimemlaza nyuma ya pazia, na kusimama hawezi tena. Nilikuwa nimeshamwomba.

"Baba, nifunze tu vile unasimama."

"Mama, hiyo si ya wanawake. Na hiyo si ya kucheza nayo." Akageukia ukuta. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu.

Basi mchana huo nilipotoka Milimani nilimkuta amelala. Nikabandika uji wake, nikakaa nikiutazama, na moyo wangu ukakataa kabisa kumwachia Maxwel. Nyuma ya mlango kulikuwa na ile fimbo. Nikaichukua. Nilitaka kusikia uzito wake tu, nikajiambia, na mimi ni hodari wa kujidanganya.

"Fungueni lango," nikaanza, maneno ya mfalme. "Mwanangu amerudi na miguu ya watu wengine."

Kilio hakikuja. Mabega yalipanda yaleyale. Weka mtu wako, Ephantus alisema, na mtu wangu alikuwa nani mwingine? Nikamweka baba. Nikamlaza kwa mawazo pale chini kwenye simiti, kati ya meko na kiti chake, nikamtazama vizuri. Mabega yakashuka yenyewe. Miguu ikaanza kutembea, kwenda na kurudi, polepole, kama nilivyoiona tangu nikiwa mdogo. Maneno ya mfalme yakanitoroka na yakaja ya baba, kwa Lubukusu, yakitokea tumboni kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikamtaja baba kwa jina. Nikamtaja baba yake na babu yake. Nikasema jinsi alivyowasemea wafu wa watu wote, na leo kalala yeye, na ukoo mzima umekosa mdomo. Nilikuwa na furaha, nisifiche. Nilikuwa nimeipata.

Lakini kuta zetu ni mabati, na jirani yetu Nekoye ni wa kwetu. Anajua maneno yale husemwa lini.

"Woi! Woi! Mzee Makhanu ametuacha!"

Kabla sijageuka ploti nzima ilikuwa mlangoni. Wanaume wamevua kofia. Mtu ameshaleta benchi. Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Pazia likasogea. Baba alikuwa ameketi kitandani, ameshikilia ukingo wa godoro, ananitazama. Nekoye alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nikasema. "Ni drama tu, baba."

"Umenitaja."

"Baba, ilikuwa..."

"Umetaja mpaka baba yangu." Akatafuta pumzi, ikachelewa kuja. "Sasa maliza."

"Siwezi."

"Hiyo kitu haikatwangi katikati. Umeanza juu ya mtu, unamaliza. Simama vizuri."

Niliwatazama wale watu mlangoni wanisaidie. Hakuna aliyenisaidia. Nikashika fimbo, nikatembea, nikamaliza. Mungu anisamehe, nilimaliza vizuri. Nilimuaga baba yangu huku macho yake yakinifuata kwenda na kurudi, na sikudondosha hata chozi.

"Kuna mtu amepita mbele yake?" baba akauliza.

"Hakuna, mzee," Nekoye akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi. Mama, hiyo fimbo baki nayo."

Sijawahi kupigiwa makofi yakanigusa kama neno lile. Watu walipoondoka na benchi lao nilipasha uji moto kwa fahari, nikamletea kitandani, nikaketi na kijiko mkononi. Akatikisa kichwa.

"Mpelekee Nekoye. Amelia, ana njaa."

"Baba, kunywa kidogo."

"Mtu ukishamsemea, anakula tena ya nini?" Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Umeniaga vizuri, mama. Nilikuwa nalala hapa nikiogopa hakuna mtu. Sasa siogopi."

Akajilaza, akafunga mdomo. Nikaupeleka uji kwenye midomo yake, ukamwagika shingoni. Nikapangusa, nikajaribu tena. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikaanguka magotini nikalia kama yaya, kama mjane, kama malkia, kwa mabega na kamasi, kilio changu chote. Nikamwambia ni uongo, yalikuwa maigizo, Maxwel achukue taji, achukue na fimbo, ila yeye anywe, kijiko kimoja tu, baba, kimoja.

Akafumbua macho. Akanitazama vile Ephantus hunitazama mstari ukiharibika.

"Hapana, mama, si hivyo," akasema. "Simama."