Kidari cha Nyumba ya Kwanza

Ephrasia hakuwa na ugomvi na mbuzi. Ugomvi wake ulikuwa na kidari, na kwa wiki tatu kabla ya Krismasi ya mwaka 1997 kilimkosesha raha kazini, ndani ya basi, hata kanisani, mahali ambapo mtu anatakiwa kuwaza mambo makubwa kuliko kifua cha mbuzi.

Asiyewajua watu hawa aelezwe kidogo. Katika familia ile iliyotoka Kibosho, Kilimanjaro, mbuzi wa Krismasi hakuliwa kama chakula cha hotelini, kila mtu ajipakulie anachotaka. Alikuwa na mafungu. Kidari kilikwenda nyumba ya kwanza, yaani ya mtoto mkubwa wa kiume. Paja lilikwenda nyumba ya pili. Mbavu zilikuwa za wakwe na wageni. Walipohamia Minnesota, Marekani, walibadili makoti na viatu, lakini mafungu hawakuyagusa. Miaka sita mfululizo kidari kilikuwa cha Gasto, mume wa Ephrasia. Mwezi wa nne mwaka ule Gasto akafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akamwachia mkewe fleti ya vyumba viwili kule Columbia Heights na binti mmoja, Joan, wa miaka kumi na sita. Mtoto wa kiume hakumwachia.

Sasa bila Gasto, ile ilikuwa bado nyumba, au walikuwa wanawake wawili tu wanaoishi ghorofa ya tatu? Hilo ndilo lililomtafuna Ephrasia, na aliona haya kumuuliza mtu. Angeanzaje? Ampigie simu shemeji yake Valerian, mdogo wake Gasto, amwambie, nyama yetu mmeipanga wapi? Alijaribu kukwepa kwa kuomba zamu ya siku ya Krismasi katika nyumba ya wazee alikofanya kazi. Msimamizi wake, kwa wema ambao hakuna aliyemwomba, akamwambia mwaka huu apumzike na familia.

Basi wakaenda. Eden Prairie, alikoishi Valerian, si mahali pa kwenda kwa basi, kwa hiyo wifi yake Brigitha na mumewe Wanjohi waliwapitia na gari. Wanjohi ni Mkenya wa Nyeri, na kila mwaka yeye ndiye aliyechoma mbuzi, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, Watanzania wanajua kuongea na nyama lakini hawajui kuichoma. Alisimama uani kwenye theluji saa mbili nzima amejifunga skafu ya mkewe.

"Hii mbuzi imeiva!" alitangaza akiingia na sinia. "Masikio yangu yamefreeze kabisa, lakini nyama iko fiti. Si mkuje basi!"

Watu kumi na wanne wakajipanga kuizunguka meza. Valerian akashika kisu. Ephrasia alikuwa amejiambia hatatazama, na hapo hapo akatazama. Shemeji yake alikuwa amenyooka, amevaa tai, anatokwa jasho kidogo.

"Mwaka huu kaka hayupo," Valerian alisema. "Mimi ndiye mkubwa niliyebaki. Kwa hiyo kidari kinakuja kwangu, na paja tutakula wote."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo, na pengine ndivyo alivyofanya. Akakiweka kidari kwenye sahani yake. Kisha akakata mbavu, akampa Wanjohi, na nyingine akaziweka kwenye sahani ya Ephrasia.

"Karibu timu ya mbavu, shemeji!" Wanjohi akacheka, maana alidhani ni utani mzuri. Brigitha akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Ephrasia alishukuru, kwani alilelewa hivyo. Alikaa na sahani yake mapajani, akaziangalia zile mbavu. Zilikuwa nono, zimechomwa vizuri, na zilimuuma kuliko kama angenyimwa kabisa. Miaka kumi na minane ya ndoa, na jibu lake ndilo hilo, amekuwa mgeni. Alichukia kwamba jambo dogo kama hili lilimuumiza hivyo, na bado lilimuuma.

Valerian akakaa, akasali kimoyomoyo, akakimega kidari, akatia kinywani.

Hapo Joan akainuka. Huyu ni mtoto ambaye Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, na tangu msiba hata Kiingereza chenyewe kilikuwa cha neno moja moja. Alikwenda akasimama mbele ya Valerian, akanyoosha sahani yake tupu. Akasema kwa Kiswahili, na kila mtu akamsikia.

"Baba Mdogo, mbona unakula? Yetu iko wapi?"

Valerian akaacha kutafuna. "Yenu ipi, mwanangu?"

"Baba anakata hii kwanza. Anatupa wote. Hata wewe anakupa."

Wanjohi akatazama mbavu zake. Valerian akamgeukia dada yake, akitafuta mtu wa kumwambia kwamba mtoto amechanganya mambo.

"Ni kweli," Brigitha alisema taratibu. "Gasto hakuwahi kula kile kidari peke yake, Valerian. Alikuwa anakigawa. Wewe ulikuwa unapokea tu."

Uso wa Valerian ulimshuka, na Ephrasia, aliyetegemea kufurahi, akamwonea huruma. Mtu huyu naye alikuwa amempoteza kaka. Aliitaka nafasi yake na hakujua kazi yake. Valerian akakirudisha kidari kwenye ubao wa kukatia, akausukuma pamoja na kisu mbele ya Joan.

"Kata wewe, mama," alisema. "Samahani. Mimi sikuona."

Joan hakujua kukata. Vipande vilitoka vingine vinene, vingine vyembamba kama karatasi. Alianza na watoto wadogo, akaenda kwa Wanjohi, kwa Brigitha, kwa Valerian na mkewe, akawazunguka wote mpaka ubao ukakaribia kuwa mtupu. Ephrasia alifikiwa mwisho kabisa. Kilichobaki kilikuwa kipande cha mafuta kilichong'ang'ania mfupa, kimekwisha kupoa.

"Pole, Mama," Joan alinong'ona. "Kimebaki hiki tu."

Miaka sita Gasto alimletea mkewe kipande cha mwisho namna hii wagawane, baada ya wakwe, baada ya wadogo zake, na mara nyingine Ephrasia alinuna, akaona amesahauliwa. Hakuwahi kumwambia Gasto hilo, na leo ndipo alipoelewa kwamba cha mwisho hapewi mgeni, ni cha wenye nyumba. Alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka mbele za watu wote.

"Kaa hapa tugawane," alimwambia binti yake. "Baba yako na mimi tulikuwa tunakula hiki hiki."