Isale Juu ya Friji

Bi Rukiya wa mlango wa mkabala anasema alimwona Marietha kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa kibarazani anaanua nguo, akatupa jicho chini uchochoroni, na hapo akamwona binti wa Kichaga amelishika lile jani kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya mkiani. Akalitumbukiza pipani. Halafu, na hapa Bi Rukiya hushusha sauti, akatema mate.

"Tfu! Namna hiyo. Wallahi miye sizui neno."

Jani lilikwenda pipani kweli. Ila aliyelipeleka si Marietha, na mate hakuna aliyetema.

Jani lenyewe lilikuwa isale. Kwa Wachaga isale si kitu cha kuchezea. Huoteshwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekosa akitaka msamaha hulipeleka kwa yule aliyemkosea. Ukilipokea, umesamehe. Kulitupa, hata walevi wa Marangu hawalifanyii mzaha jambo hilo. Hili lilichumwa huko huko Marangu, likafungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji, likapanda ndege ndani ya begi la msafiri mpaka Dubai. Elisante, kaka yake Marietha, mfunga vioo vya maghorofa anayelala Al Nahda, ndiye aliyelileta Karama, mtaa anaokaa dada yake, akamkabidhi mlangoni, Bi Rukiya akitazama, bila kuingia ndani.

Alikuwa na cha kuombea msamaha. Mama yao alipougua, Elisante alijua. Alipozidiwa, alijua. Akamficha Marietha asije akauvunja mkataba wake kwa madam aliyemwajiri, akaondoka peke yake, akamzika mama, akarudi, ndipo akasema. Tangu siku hiyo Marietha hakumwita tena kaka.

Sasa Elisante alikuwa anakwenda kula Krismasi nyumbani, na baba mkubwa alishatuma neno: aje na jibu la mdogo wake, la sivyo nyama ya ukoo asiiguse. Ndege ilikuwa Jumamosi. Akapiga simu, akasema Ijumaa baada ya alasiri atapita.

Marietha alikuwa amelitia jani kwenye glasi ya maji, juu ya friji. Hapo likakaa. Hakulipokea, hakulikataa. Maji yakipungua aliongeza, kisha akageuza uso.

Ijumaa hiyo ndiyo waliyopanga kupunguza vitu nyumbani. Mwaka ule Iddi ya Kuchinja na Krismasi zilikaribiana, na fleti yao ya wanawake sita ndiyo iliyokuwa ikipokea wageni wa Krismasi kutoka kambi za wafanyakazi. Lakini sebuleni mtu angekaa wapi? Maboksi yaliyokuwa yakingoja kutumwa nyumbani kwa meli yalifika dirishani. Kulikuwa na feni isiyo na mapanga, sufuria zisizo na mifuniko, mifuniko isiyo na sufuria, mifuko ndani ya mifuko, na ndala nyeupe za hoteli ambazo Mercyline, Mkenya wa kutandika vitanda hotelini, alizibeba kila wiki kama anafungua duka.

"Sheria ni moja," Marietha aliwaambia tangu Jumatano, akiwa na bunda la plasta nyeupe mkononi. "Kila mtu abandike jina kwenye kitu chake. Kisicho na jina kinatoka. Tusije tukalaumiana."

"Na wewe Mercy tukubandike jina la nani?" aliuliza mmoja, wakacheka.

Marietha aliandika jina lake kwenye sufuria, kwenye pasi, kwenye kigoda kilichovunjika mguu. Alipofika kwenye friji alisimama na kipande cha plasta kidoleni. Akalitazama jani. Kuandika jina lake pale kungekuwa kusema ni langu, nimelipokea. Akakibandika kile kipande kwenye birika.

Ijumaa, siku ya mapumziko Dubai, wenzao wanne wakaenda kanisani, wakabaki yeye na Mercyline kumalizia. Mchana dawa ya kusafishia ikaisha, Marietha akashuka dukani. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi alikuta sebule inapumua, sakafu inang'aa, Mercyline amejifunga leso kichwani na kuimba. Juu ya friji palikuwa peupe.

"Mercy. Hapa kulikuwa na glasi."

"Nimeosha. Iko hapo kwa rafu."

"Na kilichokuwa ndani yake?"

"Kale kajani? Si nimetupa." Mercyline akageuka, akamwona uso. "Aki Marietha, haikuwa na jina! Si wewe ndio ulisema? Nimezungusha hiyo glasi yote nikitafuta plasta."

"Umelitupa wapi?"

"Kwa mfuko mweusi. Nimeshusha tayari, zote tatu. Kwani ni dawa?"

Marietha aliitua ile dawa sakafuni. Alishuka ngazi mbili mbili, Mercyline nyuma yake akiburuza ndala. Pipa kubwa la uchochoroni lilikuwa limefurika mifupa na utumbo wa Iddi, nzi wamelivaa kama shela, na mifuko myeusi ilikuwa mingi, kila jengo na yake. Wa kwanza aliourarua ulitoa maganda ya vitunguu ya watu wengine. Wa pili ulitoa nepi.

"Ile yetu nilifunga na kamba nyekundu," Mercyline alisema. "Ngoja. Sasa hebu nieleze natafuta nini, nisije nikashika kitu bure."

"Msamaha wa kaka yangu."

Mercyline akamtazama. Kisha akakunja mikono ya blauzi, akaingia kwenye uchafu mpaka viwikoni.

Waliupata mmoja wenye kamba nyekundu: feni na ndala. Wakaupata wa pili: mifuniko. Lori la taka likaingia uchochoroni kinyumenyume, likilia pii, pii, pii, na jamaa mmoja wa ovaroli akaruka chini akipunga mkono.

"Yalla, sista! Ondoka, ondoka!"

"Dakika moja, kaka, tafadhali!"

"Khalas! Nyuma gari nyingi!"

Marietha aliuona wa tatu. Kamba yake nyekundu ilikuwa chini kabisa, imebanwa na kichwa cha mbuzi. Akauvuta, ukanyooka kama ute, ukachanika, akabaki na kipande cha plastiki mkononi. Yule jamaa akamsogeza kwa bega, bila ubaya, kama mtu anayesogeza kiti. Pipa likainuliwa, likapinduliwa, na chuma cha lori kikashuka kusaga. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea.

Walipanda juu. Kwenye ngazi ya mwisho walisikia sauti ya Bi Rukiya.

"...kwa jicho langu hili, mwanangu. Miye sipendi fitina, lakini haki ya mtu siifichi. Kalitupa, tena katema mate."

Elisante alikuwa amesimama mbele yake. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vya safari, kofia mkononi. Akageuka. Macho yake hayakwenda kwenye uso wa dada yake. Yalikwenda kwenye mikono, iliyopakaa damu ya mbuzi na uchafu wa pipa mpaka juu ya vifundo.

"Basi ni kweli," alisema.

"Ingia ndani," Marietha alisema.

"Bro, ni mimi," Mercyline aliwahi. "Usimlaumu. Mimi sijui mambo yenu ya majani. Tumekuwa kwa pipa tukitafuta. Huyu mama ameona mimi nikishusha mifuko, si yeye, na mimi sijatema mate hata kidogo."

Bi Rukiya alivuta mtandio. "Ah! Kwa mbali nyote si wamoja?"

Elisante aliingia. Hapakuwa na pa kukaa, sebule yote ilikuwa tupu, vilivyobaki vimepangwa ukutani vimebandikwa majina. Alivitazama kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesoma ubao wa matangazo.

"Pasi ina jina," alisema. "Birika lina jina. Kigoda kibovu hiki, kina jina. Jani langu halikuwa nalo?"

"Halikuwa nalo."

"Ulisahau?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mercyline nyuma yake alikuwa anatikisa kichwa, sema ndiyo, sema ndiyo.

"Sikusahau," Marietha alisema. "Nilishindwa."

Elisante aliikunja kofia, akaikunjua. Huko chini lori lilikuwa linakwenda jengo la pili.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," Marietha alisema. "Sijawahi kukuuliza. Aliniulizia?"

"Marietha."

"Mama. Aliniulizia?"

"Kila siku."

"Ukamwambiaje?"

Elisante aliiweka kofia chini.

"Nilimwambia uko njiani," alisema Elisante. "Nilimwambia umeshapanda ndege. Nilitaka apate nguvu. Akasema basi mninyanyue, nisimpokee mwanangu nimelala. Tukamnyanyua. Siku mbili alikaa ameegemea mto, anatazama mlango."

Mercyline alijishika mdomo. Bi Rukiya, aliyekuwa amejisogeza mpaka kizingitini, alirudi hatua moja nyuma.

"Hilo sikulijua," Marietha alisema polepole. "Hilo hukuniambia."

"Ndilo nililoletea isale. Lile la kwanza ulishalijua. Nilisema moyoni, ukilipokea jani, nitakwambia. Usipolipokea, nitakufa nalo." Alipiga goti moja kwenye sakafu iliyokuwa bado mbichi, suruali yake ya safari ikalowa. "Jani jingine sina, na hapa halioti. Umebaki mdomo wako tu. Nisamehe, mdogo wangu. Au nikatae, nijue. Lakini sema neno nipande nalo ndege."

Marietha alisimama na mikono yake michafu ameitenga mbali na nguo. Aliutazama utosi wa kaka yake, pale nywele zilipoanza kupungua kama za mama.

"Marietha," alisema tena Elisante. "Nakuomba."