Neno la Nane

Kila Alhamisi, madam akishalala baada ya chakula cha mchana, Jael alikalia ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha kufulia, ghorofa ya tatu, mtaa wa Malaz, Riyadh, akaandika tangazo la wiki la sinagogi ambayo hakuwa ameikanyaga kwa miaka minne. Na kila Alhamisi aliapa kwamba hilo lilikuwa la mwisho.

Watu wa nyumbani walikuwa wanachosha, Mungu awasamehe. Sinagogi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kenya. Kwenye orodha kulikuwa na watu wazima kumi na sita, wanaume kwa wanawake, nusu yao wa kubembelezwa. Babu zao walivuka mpaka kutoka Mbale ya Uganda na dini ya Musa, na wajukuu wakaishikilia hivyohivyo, ingawa majirani mpaka leo wanadhani ni Wasabato wa aina mpya. Wajukuu haohao wangeweza kukukariria sura nzima ya Torati bila kukwama. Lakini muulize mmoja wao nani analeta mkate wa Shabati wiki hii, atakujibu, "Sawa."

Jael aliandika. Mishumaa ya Shabati iwashwe kesho saa kumi na mbili na dakika saba. Msomaji ni Mirriam. Kufagia ni zamu ya Hillary. Bati linalovuja juu ya kabati la Torati bado linavuja, na fundi ni yuleyule mliyeahidi kumwita kabla ya Sikukuu ya Vibanda. Wageni kutoka Uganda watafika wakati wa sikukuu ya Hanuka, watafutiwe pa kulala, na safari hii pasiwe jikoni kwa Mirriam.

Dakika tatu hazikupita, Mirriam akauliza kwenye grupu, "Mishumaa ni saa ngapi?" Mike, ambaye siku hizi anauza vipuri Eldoret, akatuma picha ya ng'ombe. Mwenyekiti, Mzee Onesmus, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa, sita za kwanza zikiwa salamu.

"Soma juu," Jael alimjibu Mirriam. Alikuwa amemjibu hivyo kwa miaka minne.

Wiki hiyo lakini tangazo lilikuwa na jambo ambalo hakutaka mtu alifanyie mzaha. Jumapili jua likizama, kwa kalenda yao, ungetimia mwaka mmoja tangu afariki Mwalimu Lukas, baba yake. Jioni hiyo mtoto wa marehemu husema Kadishi, sala ya wafiwa, na Kadishi haisemwi mpaka watu wazima kumi wawe wamekusanyika mahali pamoja. Wakiwa tisa, wanarudi makwao. Jael hakumzika baba yake. Kafili, mume wa madam aliyemdhamini kikazi, alisema pasipoti iko ofisini, kisha ofisi imefungwa, kisha ofisi iko wazi ila mhusika yuko likizo, na huku nyuma mazishi yakapita. Sasa alikuwa amebakiwa na hii Kadishi. Angeisema yeye kwa simu, na kumi walioko kule wangeitikia Amina.

Kwa hiyo aliandika kwa herufi kubwa: JUMAPILI NI KUMI, SI TISA. Mike akauliza kama anaweza kuhesabiwa akiwa kwenye simu, maana mauzo ya Jumapili ni mazuri. Jael akamjibu kwa herufi zilezile: ALIYE KWENYE SIMU HAHESABIWI. RABI WA MBALE ALISHASEMA. PANDA GARI UJE.

Mike akaweka kidole gumba. Kidole gumba cha Mike kilikuwa hakijawahi kupanda gari lolote.

Ijumaa asubuhi madam naye akaongeza lake. "Jael, yalla, funga mabegi. Tunakwenda Jeddah kwa mama, wiki nzima. Na ile karatasi ya mkataba naibeba. Utie sahihi hukohuko, miaka miwili mingine."

"Sawa, madam," alisema Jael. Kuhusu sahihi hakuwa na neno. Mkataba ulikuwa unaisha miezi mitano mbele, na alishakata shauri kuendelea. Nyumbani palikuwa na nini tena? Baba hayupo, na waliobaki ni wale wa kuuliza mishumaa ni saa ngapi.

Mama yake madam alikaa katika jengo la zamani karibu na mtaa wa Kandara, na Jumapili hiyo alialika kina mama wa ukoo mzima. Jael na Ruqayya, mfanyakazi wa nyumba ile, Mzanzibari wa Makunduchi mwenye ulimi mwepesi na moyo mweupe, walikatakata, wakakaanga na kuosha tangu alfajiri. Kila alipopata nafasi Jael alichungulia simu. Mirriam alikuwa ameandika, "Kwani ni leo?" Jael alikaribia kuitupa simu ndani ya sufuria ya wali.

"Wee Jael," alisema Ruqayya, "leo si Jumamosi, Msabato wangu. Presha ya nini?"

Jael hakuwahi kumsahihisha mtu kuhusu hilo Usabato. Katika nchi ya watu ulikuwa unamwokoa na maswali. "Ni baba," alisema. "Leo anamaliza mwaka. Wanamwombea nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na mimi nafaa niwe kwenye line. Aki sijui nitatoka aje hapa."

Ruqayya akaweka upawa chini. "Hitima ya baba'ako, nawe umenyamaza siku nzima? Una wazimu, mwenzangu? Nenda zako juu ya paa. Madam akikuuliza n'tamwambia unaanua nguo. Gahawa n'taimimina mie."

Paani kulikuwa na joto bado, na matangi ya maji, na mashuka ya wageni kwenye kamba. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita kitambo. Jael alijibanza nyuma ya tangi, akafunika kichwa vizuri, akapiga simu ya video. Maryann, binamu yake, akapokea. Kwa dakika nzima Jael alitazama bati, lile linalovuja.

"Maryann, geuza simu."

"Imegeuka."

"Naona paa, Maryann!"

Simu ikageuzwa, na Jael akawaona watu wake wote pamoja kwa mara ya kwanza tangu aondoke, kwa sababu siku za Shabati hakuna anayegusa simu kule, na siku nyingine hawakusanyiki. Mzee Onesmus alikuwa mbele na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama yake, Truphena, alikaa karibu na kabati la Torati na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amepungua. Mirriam alikuwepo, kumbe alijua kwamba ni leo. Hillary, kijana wa Mirriam, aliyetimiza miaka kumi na mitatu, umri wa kuhesabiwa mtu mzima, mara tu baada ya msiba, ndiye aliyekalia kiti cha Baba. Jael akaendelea kutazama wengine.

Kwao watu hawahesabiwi kwa moja, mbili, tatu, kama kuku. Ni mwiko. Wana mstari wa Zaburi wenye maneno kumi, na anayehesabu humgusa kila mtu bega kwa neno moja. Likifika neno la mwisho kwa mtu wa mwisho, wametimia. Kiebrania kiliwapiga chenga wazee, basi Mwalimu Lukas akautafsiri mstari ule kwa Kiswahili, akapanga maneno mpaka yakawa kumi kamili, akawafundisha watoto kabla hawajajua kuandika majina yao. Unaanza na "okoa" na kuishia "milele." Jael aliujua kama anavyojua njia ya kisimani.

Lakini jioni ile hakuwa na subira ya mistari. Aliuvunja mwiko ule, akahesabu kwa macho kama mwenye duka. Wale saba kwenye viti, Onesmus akawa wa nane, Maryann mshika simu wa tisa. Akarudia. Tisa.

Kule, Mzee Onesmus alikuwa anapita akigusa mabega. Akajigusa mwenyewe kifuani, akasema "milele," kisha akafungua kitabu. "Tumetimia. Karibu, mwanangu."

"Mzee, simama," alisema Jael. "Hamjatimia. Mko tisa."

"Tumetimia, nimehesabu."

"Umehesabu vibaya! Hesabu tena, na usome kwa sauti nisikie."

Mzee Onesmus akashusha pumzi ya mtu aliyezoea kufokewa kutoka Arabuni, akaanza upya. Jael alifuatisha midomo. Okoa, akagusa. La pili, la tatu, mpaka la saba, "wachunge." Kisha Mzee akaruka moja kwa moja kwenye "hata," na "milele."

"Umeruka neno!" Jael alipiga kelele, njiwa wakaruka kwenye ukingo wa paa. "Wabebe liko wapi? Wachunge, halafu wabebe! Neno la nane! Mtoto mdogo anajua! Wiki nzima nimewaomba, nimewapigia mmoja mmoja, na mmeniletea watu tisa na mstari uliokatwa mkia! Ni Kadishi ya Baba! Hamkuona hata aibu?"

Hillary aliinamisha kichwa. Jael akauliza, "Tangu lini mnahesabu hivyo?"

"Tangu uende," alisema Mirriam, taratibu.

"Miaka minne? Na Baba akiwepo?" Haikumwingia akilini. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kurudisha mkate wa Shabati mlangoni kwa sababu ulitoka kwenye jiko dakika mbili baada ya jua kuzama. Huyu alimrudisha Jael mwanzo wa ukurasa kwa herufi moja iliyomezwa. "Baba aliwaacha mwibe hesabu?"

"Jael," alisema mama yake. "Punguza sauti. Ni yeye aliyelitoa."

Truphena akainuka, akafungua kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile ya zamani, ya mwandiko wa Mwalimu Lukas, wa herufi zilizosimama wima. Aliileta karibu na simu, na Maryann kwa mara ya kwanza maishani mwake akaishika simu sawasawa. Neno la nane lilikuwa limepigwa mstari mmoja wa kalamu. Chini yake, kwa herufi ndogo, baba yake aliandika: *Hili ni la Jael. Lirudishwe akirudi.*

"Ulipopanda ndege, wenye kufika kweli tulibaki tisa," alisema Mzee Onesmus. "Shabati ya kwanza tukatawanyika. Ya pili tukatawanyika. Ya tatu wakaja watano, maana mtu achoke kupanda mlima bure? Ndipo baba yako akaja na hiyo karatasi. Nilimkatalia, mwanangu. Nikamwambia, Mwalimu, huku ni kumdanganya Mungu. Akaniambia, Mungu simdanganyi, anajua Jael yuko wapi. Nawadanganya nyinyi, msije mkazoea kukaa majumbani."

Jael alishika ukingo wa tangi. Alimkasirikia baba yake kwa kumficha. Aliwakasirikia wote kwa kumwacha aandike matangazo zaidi ya mia mbili akiwasuta kwa pengo ambalo lilikuwa lake mwenyewe. Na alitamani kumwona baba yake, palepale.

"Sasa mwenye siku ni wewe," alisema Mzee Onesmus. "Ukisema tusisome, tutaenda zetu."

Chini, kwenye ngazi, sauti ya madam ilikuwa inaita, "Jael! Jael!" na ya Ruqayya ikijibu kitu kirefu kuhusu mashuka.

"Hesabu tena, Mzee," alisema Jael.

Mzee Onesmus akarudi bega kwa bega. Alipolitamka "wachunge" akaacha kuongea, mkono ukiwa hewani.

"Wabebe," alisema Jael.

"Aaah, wacha!" sauti ikatoka pembeni mwa simu. Ilikuwa ya Mike, kumbe alijiunga kutoka Eldoret muda wote huo. "Si tuliandikiwa aliye kwenye simu hahesabiwi? Kwa kapital leta!"

"Nyamaza, Mike!" walisema watu tisa kwa pamoja.

"Hata," aliendelea Mzee Onesmus. Akajigusa kifua. "Milele. Tumetimia."

Jael alisema Kadishi akiwa amesimama katikati ya mashuka ya watu. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili mama yake alimsubiri. Amina zao zilifika zikiwa zimechelewa kidogo, kwa sababu ya mtandao, na ya Mike ilikuwa kubwa kuliko zote.

Aliposhuka na mashuka begani, madam alikuwa jikoni, karatasi ya mkataba mezani na kalamu juu yake. "Ulikuwa wapi? Haya, tia sahihi. Mume wangu yuko hapa leo, tuimalize."

"Madam, samahani. Halas. Huu ukiisha, naenda nyumbani."

Madam alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa nini? Mshahara? Kuna tabu gani?"

"Mafi, hakuna tabu, madam," alisema Jael. "Kuna watu wananihesabu."

Madam hakuelewa, na Ruqayya, aliyekuwa anasuuza vikombe, alielewa vibaya, akadhani ni mambo ya mahari, akaanza kutabasamu.

Alhamisi iliyofuata, Riyadh, juu ya ndoo ileile, Jael aliandika tangazo. Mishumaa, msomaji, mfagiaji, bati. Mwishoni akaongeza: *Kuanzia Shabati ya kwanza baada ya Pasaka, nikisharudi, Mzee Onesmus asome maneno yote kumi. Karatasi isiguswe na mtu. Neno la nane nitaliandika upya mimi mwenyewe.*

Dakika tatu hazikupita, Mirriam akauliza, "Mishumaa ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika saba, dada," aliandika Jael, kwa herufi ndogo.